Hewa Iliyo Chini ya Paa: Historia Fupi ya Uezekaji katika Uvira na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Tanganyika

1.0 Utangulizi

Historia ya makazi katika Afrika ya Mashariki na Kati imeandikwa zaidi kwa kuangalia kuta. Wasomi wamejadili kwa kirefu udongo na mawe, tofali bichi na tofali la kuchoma, nyumba ya msonge na nyumba ya pembe nne. Paa limetajwa kwa kupita tu, na nafasi iliyo kati ya paa na dari imetajwa mara chache mno. Hata hivyo, ni katika nafasi hiyo ndimo linamoamuliwa jambo linalomgusa kila mwenye nyumba: paa lake litadumu miaka mingapi.

Makala haya yanakusudia kuichunguza nafasi hiyo katika mji wa Uvira na vijiji vya mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja yetu ni kwamba tangu zama za nyasi hadi zama za mabati, umri wa paa katika mwambao huu umetegemea sana namna hewa inavyopita chini yake. Tutajaribu kuonyesha pia kwamba kila ilipoingia aina mpya ya paa, watu wengi waliipokea zana yenyewe bila kupokea maarifa ya kuipitishia hewa. Upungufu huo haukuletwa na uzembe wa mafundi. Una historia yake, na sehemu ya historia hiyo imo katika lugha.

2.0 Mazingira ya Uvira

Uvira ni mji mrefu na mwembamba. Umelala katika ukanda wa ardhi ulio kati ya ziwa, ambalo liko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari, na milima inayopanda kuelekea Itombwe, ambako vilele vinapita mita 3,000. Upande wa kaskazini ni bonde la mto Ruzizi, na ng'ambo ya pili ni Bujumbura. Mvua hunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei, na kiangazi hushika kuanzia Juni hadi Septemba.

Mambo mawili ya mazingira haya yana uzito katika mjadala wetu. La kwanza ni upepo. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hivyo upepo huvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu. Usiku hewa ya milimani hupoa na kuteremka kuelekea ziwani. Mji wa Uvira, kwa hiyo, hupigwa na pepo mbili zinazopokezana kila siku. La pili ni kwamba maji ya Tanganyika hayana chumvi ya bahari. Katika miji ya pwani kama Mombasa na Zanzibar, upepo wa bahari huleta chembe za chumvi zinazokula bati, hasa upande wa chini ambao mvua haiuoshi. Uvira haina adui huyo. Hewa ya ziwa huleta unyevu, lakini haileti chumvi. Ikipewa njia ya kuingia na ya kutoka, huwa rafiki wa paa.

3.0 Paa la nyasi na paa la udongo

Kabla ya karne ya ishirini, wakazi wa mwambao huu, wakiwemo Wavira, Wafuliru na Wabembe, pamoja na majirani zao Warundi, waliezeka nyumba zao kwa nyasi, matete na mimea mingine iliyopatikana karibu. Paa la namna hiyo lilikuwa likipitisha hewa katika sehemu zake zote. Tena chini yake palikuwa na moto wa kupikia. Moshi ulipanda, ukazunguka ndani ya paa, kisha ukapenya taratibu kati ya nyasi. Msomaji wa leo huuona moshi huo kuwa ni dhara tupu, na kwa macho na mapafu ya mama na watoto ulikuwa dhara kweli. Lakini kwa paa lenyewe ulikuwa dawa. Joto la moto lilikausha nyasi kutoka chini baada ya kila mvua, na masizi yaliwafukuza wadudu wanaotoboa miti. Chakula na mbegu zilizowekwa uchagani juu ya meko zilihifadhika kwa sababu hiyo hiyo. Nyumba iliyohamwa, ambayo moto wake ulizimika, iliporomoka upesi kuliko nyumba iliyokaliwa.

Katika karne ya kumi na tisa wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili walileta mwambaoni nyumba nyingine. Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Ujiji mwezi Februari 1858, Burton alipata makazi katika tembe lililochakaa, lililokuwa limejengwa na mfanyabiashara Mwarabu. Mwezi Aprili mwaka huo huo walivuka kwa mitumbwi hadi Uvira, ambayo kwa maelezo ya Burton ilikuwa kituo cha mwisho upande wa kaskazini ambacho wafanyabiashara walikuwa wameruhusiwa kufika.

Tembe ni nyumba ya pembe nne yenye paa la bapa: boriti hulazwa juu ya kuta, juu yake hupangwa fito, na juu ya fito humwagwa udongo na kushindiliwa. Ni nyumba iliyozoeleka katika nchi kavu za Ugogo na Unyamwezi, ambako misafara ilipita. Huko jua la miezi mingi huukausha udongo hadi ndani. Katika mwambao wa ziwa hali ni tofauti. Boriti iliyolaliwa na udongo mbichi kwa miezi saba au minane haina upande wa kukaukia. Juu yake pana maji na pembeni pana ukuta. Hapo ukungu hufanya kazi yake na mchwa humalizia. Tembe lililetwa likiwa kamili, ila jua lililolitunza halikuweza kuletwa pamoja nalo.

4.0 Kuja kwa mabati

Bati la migongo ni zao la viwanda vya Ulaya. Henry Robinson Palmer alipata hataza yake mjini London mwaka 1829, na mwaka 1837 Stanislas Sorel wa Ufaransa akapata hataza ya kukipaka chuma zinki ili kisishikwe na kutu. Mavumbuzi hayo mawili yakiunganishwa ndiyo yaliyozaa paa jepesi, linalofungwa mafungu na kusafirishwa popote.

Kufika kwake Uvira kulitegemea njia. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1921 Uingereza iliipa Ubelgiji, kwa mkataba, maeneo maalumu ya bandari mjini Dar es Salaam na Kigoma, ili bidhaa za Kongo na Ruanda-Urundi zipite kwa urahisi. Tangu hapo mzigo mzito, mabati yakiwamo, uliweza kushushwa kutoka melini Dar es Salaam, ukapanda treni, kisha ukavuka ziwa kwa merikebu hadi Usumbura na Uvira.

Katika utawala wa Wabelgiji bati lilitumika kwa namna mbili. Nyumba ya ofisa kwa kawaida ilikuwa na baraza pana, dari ya mbao, na matundu yenye vibao vya kulazwa kwenye ukuta wa pembe tatu ulio ubavuni mwa paa. Joto lililopanda darini lilitoka kwa matundu hayo. Nyumba ya mfanyakazi ilikuwa na bati tupu juu ya kuta fupi. Haikuwa na dari, na joto lake lilikuwa kali. Lakini pale ambapo pengo liliachwa kati ya ukuta na bati, hewa ilipita humo na paa likakauka. Hivyo kila nyumba ilikuwa na njia yake ya hewa, moja kwa kusudi na nyingine kwa ufukara.

Wataalamu wa zama hizo walilijua jambo hili vyema. Nyumba za chuma alizobuni Jean Prouvé wa Ufaransa, na ambazo mbili zake zilisimamishwa Brazzaville mwaka 1951, zilikuwa na paa la tabaka mbili lenye hewa katikati. Maarifa yalikuwapo, ila yalibaki katika michoro ya wasanifu na katika nyumba za wachache.

Baada ya uhuru wa mwaka 1960 bati likawa alama ya heshima na akiba ya familia. Mwananchi aliyejenga mwenyewe alitaka vitu viwili kwa pamoja: bati la mfanyakazi na dari ya ofisa. Akaweka mkeka, gunia lililonyooshwa au plaiwudi ili kupunguza joto, vumbi na kelele za mvua. Wakati huo huo akapandisha ukuta hadi kwenye bati na kuziba pengo kwa udongo au saruji. Matundu ya ubavuni hayakumfikia, kwa sababu akiwa chini alikuwa ameyaona kama pambo tu. Hapo ndipo lilipozaliwa paa lililofungwa pande zote, ambalo si la ofisa wala si la mfanyakazi.

5.0 Jinsi paa linavyooza kutoka chini

Mwenye nyumba hulikagua paa lake kutoka nje. Katika nyumba iliyozibwa, hata hivyo, maradhi mengi huanzia ndani. Tunaweza kuyaeleza kwa hatua tatu.

Kwanza, katika usiku wa mbingu wazi bati hupoteza joto lake upesi, likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Ndani ya nyumba watu wanapumua, wanapika na kuanika nguo. Mvuke huo hupenya katika mianya ya dari, hupanda na kukutana na bati baridi, ukageuka matone. Ndiyo maana asubuhi mtu huona doa la maji kwenye dari ilhali mvua haikunyesha, akadhani bati limetoboka.

Pili, zinki hukilinda chuma kwa sharti moja: ipate hewa. Ikikaa penye hewa kavu na mvua ya mara kwa mara, hujifanyia utando mgumu unaoilinda. Ikilowa mahali pasipo na hewa, utando huo haufanyiki; badala yake hutokea unga mweupe, ambao ni kutu ya zinki yenyewe. Wafanyabiashara wa ziwani wanaufahamu unga huu, kwani huonekana kwenye mafungu ya mabati yaliyolowa chomboni yakakaa siku nyingi bila kufunguliwa. Dari iliyozibwa hulifanyia bati jambo lilo hilo, polepole. Zinki ikiisha, kutu nyekundu huanza.

Tatu, mbao. Ukungu unaoozesha mti hauwezi kustawi ikiwa maji ndani ya mti yako chini ya asilimia 20 hivi ya uzito wa mti mkavu. Mti unaolowa kila usiku na kukosa hewa ya kuukausha mchana huvuka kiwango hicho. Uozo huanzia hasa penye misumari, kwa sababu chuma cha msumari nacho hupoa na kuvuta umande. Tuongeze kwamba bati la urefu wa mita 3 hurefuka kwa kiasi cha milimita 1.4 joto lake linapopanda kwa nyuzi 40 za sentigredi, jambo ambalo ni la kawaida kati ya alfajiri na adhuhuri. Kila siku, basi, bati huutikisa msumari ulioshikiliwa na mti unaooza. Siku dhoruba ya ziwa inapokuja, paa hung'oka, na watu husema upepo ndio ulioliua. Upepo ulimalizia tu kazi ya miaka mingi.

Mvuvi wa ndagala anaifahamu kanuni hii kwa njia nyingine. Dagaa walioanikwa mchangani hukauka upande mmoja, na sharti wageuzwe. Walioanikwa juu ya chanja hukauka pande zote mbili. Paa halina wa kuligeuza. Lisipopata hewa upande wa chini, litakauka juu na kuoza chini.

6.0 Kanuni ya 1942 na mipaka yake

Yafaa kuuliza ni hewa kiasi gani inayohitajika. Kipimo kinachotajwa zaidi duniani kilitoka Marekani. Mwaka 1942 idara ya serikali iliyodhamini mikopo ya nyumba nchini humo iliagiza kwamba eneo la matundu ya dari liwe angalau sehemu 1 kwa kila sehemu 300 za eneo la dari. Kanuni hiyo ilitungwa kwa ajili ya nchi za baridi kali, ambako mvuke wa ndani huganda chini ya paa. Mwaka 1999 watafiti wawili, Anton TenWolde na William Rose, waliichambua na kuonyesha kwamba msingi wake wa kisayansi ulikuwa mwembamba, na kwamba rangi ya paa huathiri joto la kifuniko kuliko hewa ya chini yake.

Uchambuzi huo unatupa tahadhari. Hewa haitalifanya bati liwe baridi adhuhuri, haitaziba tundu la msumari, wala haitaliokoa bati jembamba lenye zinki haba. Aidha, haizuii umande wote wa usiku. Kazi yake ni kuutoa mvuke kabla haujawa mwingi, na kukausha asubuhi kilicholowa usiku. Kwa bati na mti, hiyo ni kazi kubwa.

Tukikitumia kipimo hicho kama makadirio tu, nyumba yenye dari ya mita 60 za mraba itahitaji matundu yenye jumla ya mita 0.2 za mraba, sawa na matundu 20 ya sentimita 10 kwa 10. Nusu yawe chini, penye upenu, na nusu yawe juu, karibu na mgongo wa paa, kwa maana hewa yenye joto hupanda na sharti ipate mrithi kutoka chini. Uvira, kwa sababu ya pepo zake mbili, inafaa matundu yakabili ziwa na milima pia. Upepo wa mchana utaingia kwa upande mmoja, na wa usiku kwa upande wa pili.

7.0 Mbu, popo na sababu za kuziba

Ingekuwa kosa kumlaumu aliyeziba. Pengo la upenu ndilo njia kuu ya mbu anayeleta malaria kuingia nyumbani usiku. Popo nao huingia humo, wakalowesha na kuozesha dari kwa kinyesi na mkojo wao. Mzazi akilazimika kuchagua kati ya umri wa bati na homa ya mtoto, hana la kujadili, ataziba.

Lakini uchaguzi huo si wa lazima. Utafiti uliofanywa Gambia na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba nyumba zilizowekewa dari ya wavu zilipunguza mbu walioingia kwa karibu nusu, na zile zilizowekewa wavu milangoni na madirishani, huku pengo la upenu likizibwa, zilipunguza zaidi. Wavu huwazuia mbu na popo, na huiacha hewa ipite. Kwa kuwa nyuzi zake hupunguza nafasi, matundu yaongezwe. Na kwa kuwa vumbi huziba vitundu vyake, usafishwe. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na ya kuezeka upya.

8.0 Ushahidi wa lugha

Kiswahili ni tajiri katika istilahi za paa. Tuna mwamba, kombamoyo, pau, fito na upenu. Tuna pia mtambaapanya, yaani mti unaolazwa juu ya ukuta ili kubeba makombamoyo. Jina hilo lastahili kuangaliwa. Aliyelitunga aliona panya akitambaa juu ya ukuta, chini ya paa. Maana yake ni kwamba pengo lilikuwapo na lilionekana kuwa jambo la kawaida. Neno hilo ni kumbukumbu ya nyumba iliyopitisha hewa.

Kwa upande mwingine, neno dari hubeba maana kadhaa: sehemu ya juu ya chumba, na hata ghorofa ya juu. Fundi wa Kongo aliyejifunza kazi kwa Kifaransa husema plafon, naye humaanisha ubao ule unaoonekana kutoka chini. Nafasi iliyo juu ya ubao huo haina jina lake yenyewe lililozoeleka. Mwenye nyumba anayetaka iachwe wazi hulazimika kueleza kwa sentensi nzima, na jambo lisilo na jina husahauliwa kwa urahisi katika mapatano ya kazi na katika hesabu ya gharama. Tunapendekeza istilahi uwazi wa paa itumike kwa nafasi hiyo, na tundu la uwazi kwa njia yake ya hewa, ili mafundi na walimu wa ufundi wapate pa kuanzia.

9.0 Hitimisho

Tumeona kwamba paa la nyasi lilihifadhiwa na moshi na hewa, tembe la ziwani liliponzwa na kukosa pa kukaukia, na bati lililozibwa huharibika kutoka chini. Katika nyumba zote hizo swali ni lile lile: maji yaliyoingia yatatokea wapi?

Swali hili lina uzito wa pekee Uvira. Mji huu ulipitiwa na vita vya mwaka 1996 na vya mwaka 1998. Mwezi Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa maelfu ya nyumba, na katika miaka iliyofuata kupanda kwa maji ya ziwa kuliwahamisha wengine. Ukuta wa udongo ukianguka hurudi kuwa udongo. Bati huweza kuokotwa, kunyooshwa na kuezekwa tena, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo akiba pekee inayovuka msiba. Bati lililoliwa na kutu ya ndani haliwezi kuokoa mtu. Likishikwa huvunjika mkononi. Atakayejenga upya, basi, na aweke matundu na wavu wakati fundi angali juu ya ngazi. Baada ya dari kupigiliwa, itakuwa vigumu kwake kukumbuka kwamba juu yake pana kitu kinachohitaji kupumua.